Kilichobaki Kwenye Chujio

Wifi yangu hakai kitako. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza tumwone, mama alimpa kiti. Akakishika mgongo, akasema asante, akabaki amesimama. Dakika tano baadaye alikuwa jikoni anaosha vyombo ambavyo hakuvichafua yeye. Mama akaninong'oneza, "Huyu binti ana moto miguuni." Imepita miaka kumi na saba na moto ule haujazimika. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa, na nakiri kwamba kumtazama tu kulinichosha. Wifi ni wifi. Sikumpenda haraka.

Kazini kwake wanamwita Chujio. Ni mpishi wa jiko la hospitali, upande wa vyakula laini: supu na uji wa waliovunjika taya, wazee wasio na meno, na wale wanaolishwa kwa mrija wa puani. Jina alilipata kwa sababu hakuna kitu kilichotoka mikononi mwake bila kuchujwa mara mbili, kwanza kwa chujio la waya, kisha kwa kitambaa. Sababu yake aliwahi kunieleza huku anafagia. Mwaka wake wa kwanza alipeleka wodini uji wenye madonge. Mrija wa puani ni mwembamba, donge moja likauziba, nesi akauchomoa ili auweke upya, na mzee wa watu akatokwa damu. Nesi mkuu akaja na bakuli mpaka jikoni, akalimwaga mezani mbele ya wapishi wote. "Tazama ulichompa binadamu mwenzako." Tangu siku hiyo wifi yangu akiona donge anaona damu.

Kaka yangu ni fundi bomba. Ana ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, inayokula mafuta na nywele zilizoganda kwenye karo, na ngozi pia ukizembea. Siku moja aliikoroga mwenyewe, akaitia mwenyewe kwenye chupa ya maji ya kunywa, na saa saba mchana, jua linachoma na amebanwa chini ya sinki la watu, akanyoosha mkono akainywa mwenyewe. Mtu wa kumlaumu hatukumpata. Funda moja tu, na nusu yake aliitema. Koo lilipona kwa kovu, na kovu likafunga njia. Hata mate yake mwenyewe yalipita kwa shida. Madaktari wakamtoboa tumbo juu kidogo ya kitovu, wakampachika mrija wa kulishia. "Fundi bomba amefungwa bomba," alisema kwa ile sauti yake mpya iliyokwaruzika, na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Daktari wa upasuaji alituita ofisini, akatupa masharti. Timu ya wataalamu wa kutengeneza koo huja mara moja kwa mwaka. Wangekuja baada ya wiki kumi na mbili, wachukue kipande cha utumbo wake, wamtengenezee njia mpya ya chakula kutoka shingoni hadi tumboni. Lakini siku hiyo mizani isome kilo arobaini na nane, na kidonda kinachozunguka mrija kiwe kimefunga. "Mwili usio na akiba sipasui," alisema. "Nikishona, mshono utaachia." Hapo alikuwa anaongea lugha yangu. Kitambaa kilichochoka hakishiki uzi, hata ushone kwa mkono wa malaika.

Kaka alitoka hospitali na kilo arobaini na sita. Kabla ya ajali alikuwa na sitini na sita, kitambi kikianza kumchungulia. Sasa zilitakiwa kilo mbili tu, ndani ya wiki kumi na mbili, na mke mpishi nyumbani! Tulirudi tukiwa wepesi kabisa. Jamaa zake wa kazini walikuja kumtania: "Kula bwana, mwili haujengwi kwa matofali."

Wifi akaomba likizo, akaanza. Alimlisha mara sita kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi sufuria iko motoni: mchele, maharage, nyama ya kusaga, mayai mawili, karanga, mafuta vijiko viwili. Maziwa waliyaacha, yalimharisha. Anachemsha, anaponda, anasaga kwenye blenda, anachuja kwa waya, anapooza, anaengua utando wa juu, anachuja tena kwa kitambaa, akikikamua mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Kisha kaka anakaa kwenye kiti cha mikono, anafungua shati, naye anachomeka bomba la sindano mdomoni mwa mrija, analiinua juu, na kumimina kidogo kidogo. Kulisha kulichukua nusu saa. Nusu saa nzima alikanyagakanyaga pale pale kama mtu aliyebanwa na haja. Akimaliza, anaosha vyombo, na sufuria inarudi motoni.

Mimi nilikuwa na kazi yangu ndogo: suruali. Kila nilipokwenda nilimpima kiuno na kuipunguza suruali ili asiishike kwa mkono akienda msalani. Kwa hiyo habari niliipata kabla ya mizani. Baada ya wiki mbili futi yangu ilisema amepungua, na kliniki ikasema arobaini na tano. Wiki mbili nyingine, arobaini na tatu na pointi nane. Mapaja yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akiinuka kitini kwa kujisukuma na mikono, naye ni mtu aliyekuwa akibeba tangi la maji begani. Kidonda pembeni mwa mrija kilikuwa kibichi, kinalia maji. Zilibaki wiki nane, na badala ya kilo mbili sasa tulidaiwa nne na ushei. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nashona mikono ya mashati kinyume.

Kule kliniki kulikuwa na mtaalamu wa lishe, binti mfupi aliyechomeka kalamu nyuma ya sikio. Alitaka daftari la chakula, na wifi alikuwa nalo, limeandikwa vizuri kama hati ya shamba. Binti alisoma ukurasa baada ya ukurasa huku midomo ikihesabu.

"Mama, chakula hiki kinatosha. Kinazidi hata."

"Ndivyo ninavyopika," wifi alijibu. Alikuwa amesimama, kiti kipo.

"Basi tatizo litakuwa njiani." Alichukua kadi, akachora mfuko, na chini ya mfuko akachora nyoka aliyejikunja. "Hapa ni tumbo, hapa utumbo mwembamba. Wanga, yaani mchele huu, hauna shida. Unavunjwa kuwa sukari, unaingia kwenye damu, unachomwa kama kuni. Mafuta ni mkaidi, hayapatani na maji. Ini linaleta nyongo, nyongo inayavunjavunja kama sabuni kwenye sufuria chafu, ndipo yanapita."

"Kumbe nina sabuni ndani," kaka alisema. "Ningejua nisingenunua ile dawa."

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na nyama, mayai, maharage, ndiyo protini. Tumboni kuna asidi inayoanza kuikatakata, utumbo unamalizia. Vipande vinakwenda kushona ngozi, misuli, damu, kila kitu. Ila mwili hauna ghala la protini. Ikikosekana kwenye chakula, mwili unakwenda kuichukua kwenye misuli."

"Unabomoa ukuta upate tofali," kaka alisema.

"Ndiyo hivyo, baba. Na wewe ukuta wako unabomolewa."

Aliandika kipimo cha choo. Kama mafuta na nyama vinapita bila kusagwa vitaonekana huko, alisema, na hapo tutajua ni ini, au kongosho, au utumbo wenyewe umeugua. Njia nzima ya kurudi wifi alitangulia hatua kumi mbele yetu, anageuka, anarudi, anatangulia tena. Mimi niliomba Mungu wakute ugonjwa. Hebu fikiri, dada mtu anaomba ndugu yake akutwe na ugonjwa! Lakini ugonjwa una dawa.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Choo safi. Hakuna mafuta, hakuna nyuzi za nyama, hakuna chochote kilichopita bila kusagwa. Binti aliligeuza lile karatasi kama anayetafuta maandishi nyuma.

"Utumbo huu unafanya kazi vizuri mno," alisema polepole. "Kila kinachoingia unakimaliza. Sasa hicho chakula kinakwenda wapi?"

Akamtazama wifi yangu. Hakumtazama kwa ubaya, ila nami nikamtazama, na mimi nilimtazama kwa ubaya. Tulipofika uani kwao, kaka ametangulia ndani kujilaza, nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma kooni. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia mimi sina daftari ila nina futi, na futi haidanganyi, na kama nyama inanunuliwa na kaka yangu haioni, basi kuna mdomo unaoiona. Alikuwa ameshika ufagio. Nilitaka anitukane ili nipate nafuu. Hakunitukana. Alianza kufagia, akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa, mpaka nikaondoka.

Siku mbili sikwenda. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nilipita mlango wa nyuma na suruali mkononi, nimeipunguza kwa mara ya tatu, nimebaki na kitambaa cha ziada cha kutosha kofia. Mlangoni nikakutana na jirani yao, mama mnene mchangamfu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kuku. Mkono mmoja ameshika ndoo tupu, mwingine bakuli lenye mayai.

"Afadhali nimekuona," akasema. "Mpelekee wifi yako haya mayai, mwambie ni shukrani. Tangu aanze kunipa yale makapi, kuku wangu wanataga mpaka wananitia aibu. Hata wale wazee waliokwisha kustaafu wamerudi kazini!"

"Makapi gani?"

"Si hayo ya kwenye chujio." Akanionyesha ndoo nyingine iliyokuwa imewekwa kizingitini, imefunikwa kwa sahani. Ndiyo aliyokuja kuchukua.

Nilifunua. Nilikuta nyuzi za nyama zilizobanana kama pamba ya godoro, maganda ya maharage na nyama yake, chembe za njano za yai, karanga iliyosagika nusu. Juu yake ulikuwa umemwagwa ule utando wa mafuta, umeganda, unang'aa. Ndoo nzima ya chakula kizuri kabisa, na mayai yaliyotokana nacho yapo mkononi mwa Mama Kuku, yanarudi kwenye sufuria ile ile, yachujwe, yarudi tena kwa kuku.

Nikapiga ukelele. "Kaka yangu anakwisha, wewe unafuga kuku!"

Wifi alitoka jikoni mbio, kitambaa cha kuchujia kiko begani. "Hayo ni makapi, wifi. Ndiyo yasiyopita."

"Yasiyopita wapi? Nani aliyeyazuia?"

"Lete hapa hiyo ndoo," sauti ya kaka ilikwaruza kutoka sebuleni.

Nikaibeba mpaka kwenye kiti chake. Mama Kuku akatufuata na mayai yake, hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Kaka alitia mkono ndani, akachota kidogo, akasugua kati ya vidole kama anayepima mchanga wa kujengea. Akanusa. Miezi mitatu ulimi wake haukuwa umeonja kitu, lakini pua ilikuwa imenoleka.

"Nyama," akasema. "Yai hili. Karanga." Akamtazama mkewe. "Na mimi unanipa nini?"

Wifi akaleta jagi la mlo wa saa kumi. Uji mweupe, laini, hauna hata chembe, unateleza kama hariri. Kwa macho ya mpishi ulikuwa kazi ya kujivunia. Mimi nilichovya kidole, nikakiacha kikauke, na kilipokauka ngozi ilikazana. Nikaujua. Miaka ishirini napaka kola za mashati kabla ya kupiga pasi.

"Huu ni wanga," nikasema. "Wanga na maji. Huu ndio ninaoupigia pasi."

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka kumi na saba. Wifi yangu alisimama, na hakutikisa hata kidole. Kitambaa kilimdondoka begani, hakukiokota.

"Niliandika kilichoingia kwenye sufuria," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Daftari lote. Niliandika kilichoingia kwenye sufuria."

Kaka akaunyanyua mrija wake, ule wa tumboni, mnene kama kidole cha mwisho. "Huu siyo ule wa puani, mke wangu. Tazama ulivyo. Huu hata njegere inaweza kupita kwa kubembelezwa."

"Ungeziba."

"Uzibe basi! Bomba likiziba nalizibua, ndiyo kazi niliyosomea. Mwili ukiisha nani atauzibua?"

Alikuwa anamwogopesha, ingawa hakusema kwa hasira. Wifi akapiga magoti sakafuni pale pale karibu na ndoo, akaweka paji la uso kwenye goti la mumewe, akalia kwa sauti. Mama Kuku naye akaanza kulia, akidai kuku wake hawatagusa tena kitu cha nyumba hii. Na mimi? Nilikuwa nimemwita mwizi mwanamke aliyeamka saa kumi na moja kila siku kumkamulia mumewe uji. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, mbele ya ndoo. Alisema, "Ulikuwa sahihi kuuliza, wifi." Ningependa angenitukana.

Binti wa lishe alipoona ndoo (ndiyo, wifi aliibeba mpaka kliniki, amekumbatia) alifumba macho kwanza. Kisha akatuonya tusifanye kama watu waliofunguliwa mlango wa karamu. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla unaweza kupata balaa, chumvi za damu zikayumba, moyo ukasumbuka. Tuongeze kidogo kidogo, na damu ipimwe. Akaonyesha kusaga kwa muda mrefu zaidi badala ya kuchuja, mafuta yaingie ndani ya blenda yasagwe pamoja na vingine mpaka yasionekane, na kila baada ya mlo mrija usukumiwe maji ya uvuguvugu.

Zilikuwa wiki ndefu. Wifi alikuwa akisaga dakika kumi mpaka blenda inanuka moto, kisha anasimama na chujio mkononi, mkono unakwenda, unarudi. Mara moja nilimkuta ameshachuja nusu bila kujitambua. Alisimama akitazama kile kilichobaki kwenye waya, akakirudisha chote kwa kijiko. Na kila alipomimina alishusha pumzi kwa shida, anasikiliza. Mrija uliziba mara mbili. Mara zote mbili kaka aliuzibua mwenyewe kwa maji ya moto kiasi na bomba la sindano, anasukuma na kuvuta, anapiga mluzi wa kikazi, na nadhani ndizo siku alizofurahi kuliko zote.

Mizani ikaanza kugeuka. Arobaini na nne na pointi mbili. Baada ya wiki mbili, arobaini na tano na nusu. Arobaini na sita na pointi saba. Kidonda kikaacha kulia, kikaota ngozi changa kutoka pembeni, rangi ya waridi. Lakini wifi hakupata raha. Likizo ilikuwa imekwisha amerudi kazini, na huko kuna jambo lilianza kumtafuna. Siku moja alikuja kwangu, akazunguka meza ya kukatia nguo mara tatu, akasema: wale wa mrija wa puani sasa wanapewa unga maalumu wa kopo, kuchuja hakuwapunguzii kitu. Lakini wa taya? Wazee? "Kuna mwanamke alilala kitanda cha dirishani," alisema, "wiki sita amefungwa waya mdomoni. Alitoka amebaki macho. Tulisema ni maumivu."

Alikwenda kwa mpishi mkuu, akamweleza yote. Mpishi mkuu akamwambia aache kujitia kitanzi, miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyelalamika.

"Wangelalamikaje?" wifi akamjibu. "Tuliwafunga taya."

Akavuka uwanja mpaka kwa yule binti wa lishe, akarudia maneno yale yale. Binti aliandika muda mrefu. Siku hizi supu ya hospitali inapita kwenye chujio la matundu makubwa, mara moja, na kuna mtu wa kuionja kabla haijapanda wodini. Kuhusu mwanamke wa dirishani hakuna aliyesema chochote, na sidhani kama wifi yangu atawahi kuacha kumfikiria.

Siku ya mwisho ikafika. Tulikwenda watatu. Kaka alivaa koti zito, jua lote lile, na alipokuwa akipanda ngazi nilisikia kitu kikigongana. Wifi naye alisikia.

"Nini hicho mfukoni?"

"Kikohozi," kaka akasema.

Alimwingiza mkono mfukoni, akatoa elbo ya chuma, ile ya kukunjia bomba. Mfuko wa pili, elbo nyingine. Ndani ya soksi, koki nzima ya shaba.

"Ni gramu chache tu, mama."

"Nilishaidanganya karatasi mwezi mzima," wifi alisema. "Mizani hii hatuidanganyi. Vua."

Akavua mpaka mkanda. Akapanda. Arobaini na saba na pointi sita. Tulitazama ile namba wote watatu, na nikawaza kumkanyagia mizani kwa nyuma. Gramu mia nne. Na elbo mbili zilikuwa mezani pale, zinatutazama.

Daktari wa upasuaji alisoma, akatoa "mm" moja ambayo sitaisahau. Akamlaza, akafunua shati. Akabonyeza ngozi pembeni mwa mrija, akaivuta, akaiachia, ikarudi mahali pake. Akashika paja, akamwambia, "Inuka bila mikono." Kaka akainuka. Akasoma majibu ya damu, akarudia mwanzo. Wifi alikuwa amekwenda mlangoni na kurudi mara sita.

"Nilitaka arobaini na nane kwa sababu nilitaka mwili unaojishona," daktari akasema. "Huu unajishona. Alhamisi."

Upasuaji ulichukua saa tisa. Mshono haukuachia. Wifi alitembea korido ile kwa saa zote tisa, na nadhani kwa jumla alivuka mji. Safari hii sikuchoka kumtazama. Nilitembea naye, na miguu ikanivimba.

Baada ya wiki tatu, walipokwisha kumpima kwa maji na supu nyepesi na kuona havuji, daktari aliruhusu chakula laini kwa mdomo. Wifi akaleta bakuli lililofunikwa kwa kitambaa kile kile cha kuchujia, kimefuliwa, sasa kina kazi nyingine. Viazi, maharage, yai, mafuta kidogo, vyote vimepondwa kwa uma tu. Alimpa kijiko, akarudi nyuma mpaka ukutani, mkono mdomoni.

Kaka alitia kijiko kinywani. Alikizungusha muda mrefu, macho amefumba. Shingo yake ilisogea. Tulingoja kikohozi. Hakikuja.

Akafumbua macho. "Kina madonge," akasema.

Wifi aliruka. Nadhani hata hakufikiri. Miaka yote ile ilimrukisha. Alilifikia bakuli kwa mikono miwili kulichukua, akalisage, akalichuje, sijui. Kaka akalikumbatia kifuani kwa mikono yote, akageuka ukutani nalo.

"Niachie," alisema. "Niachie madonge yangu. Nimeyangoja miezi mitano."

Akatia kijiko cha pili, akatafuna, tukamsikia anatafuna. Wifi yangu akatafuta pa kushika, akapata ukingo wa kitanda, akakaa. Mikono aliiweka mapajani, haina la kufanya, akamtazama mumewe akila mpaka bakuli likaisha.